Kura ya Wazazi wa Darasa la Tisa

Watu wazima kumi na tisa, wenye nyumba zao, magari yao na vyeti vyao vya elimu, walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwakaribia kidevuni, wakapiga kura ya kuamua watoto wao wanywe pombe kiasi gani saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyecheka. Walikuwa na ajenda, walikuwa na kahawa kwenye chupa, walikuwa na keki aliyooka mmoja wao, na walikuwa na Pernille Winther, dalali wa nyumba na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwanamke ambaye hata akikutukana utajikuta unamshukuru.

"Jamani, tusidanganyane," Pernille alisema. "Siku ya mwisho ya shule ni siku ya mwisho ya shule. Wasipokunywa mbele yetu watakunywa vichakani. Bora wanywe mezani, wakiwa na mkate tumboni. Napendekeza kila mtoto kigilasi kimoja cha kali na bia mbili, na watu wazima ndio wamimine. Hapo tunawafundisha nini? Kiasi."

"Kiasi," wakaitikia wawili watatu kama waumini kanisani.

Aliyenyoosha mkono kupinga alikuwa mmoja tu, Kaj Møgelvang. Kaj alikuwa mjane, kibarua kwenye mabanda ya nguruwe ya tajiri mmoja nje ya mji. Jioni ile alikuwa ameoga mara mbili, na bado mama aliyekaa jirani naye alisogeza kiti chake taratibu, akijitia anatafuta kalamu.

"Wangu asipewe," Kaj alisema.

"Asipewe ngapi?"

"Asipewe. Hata tone."

"Kaj, ni kigilasi, si ndoo," alisema baba mmoja, na sasa watu walicheka.

"Nimesikia kwamba ni kigilasi. Baba yangu alianza na kigilasi, tukamzika. Kaka yangu naye yuko njiani. Eskild ana miaka kumi na tano, na kwangu hiyo kitu haiingii."

Pernille aliinamisha kichwa upande, uso umejaa huruma. "Tunauheshimu sana mtazamo wako, Kaj." Na katika nchi ile, ukiona mtazamo wako umeheshimiwa, jua umeshatupwa jalalani. Kwenye kumbukumbu za mkutano aliandika hivi: mzazi mmoja ana mtazamo tofauti. Hata jina hakumpa.

Bettina Krogsgaard alinyoosha mkono wa ndiyo pamoja na wengine, tena mapema kuliko wengi. Kifungua kinywa kilikuwa kifanyike kwake, kwa sababu nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka shuleni, na kwa sababu alikuwa amejitolea kabla hajaombwa. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wachanga wa watu nyumbani kwake, mama zao wakienda kazini. Nusu ya wanawake waliokuwa mle darasani waliwahi kumwachia watoto wao wangali kwenye nepi, wakamwita malaika, kisha watoto walipokua wakawa wanakutana naye dukani na kusoma maandishi ya kopo la nyanya mpaka apite. Kwa miaka tisa alikuwa akisubiri wamwalike kahawa. Sasa wangekuja kwake wote, tena kwa pamoja, na moyo ulikuwa ukimdunda.

Nje, kwenye maegesho ya baiskeli, Kaj alimsubiri kofia mkononi.

"Bettina. Ingekuwa kwa mwingine, nisingemruhusu aende. Lakini kwako sina wasiwasi."

Eskild alifikishwa kwake akiwa na miezi kumi, mama yake ana wiki tatu kaburini. Bettina ndiye aliyemfundisha kushika kijiko.

"Nitamwangalia kama wangu," alisema.

"Asipewe."

"Hapewi, Kaj. Nakuahidi."

Wakapeana mikono. Ahadi yenyewe ndiyo hiyo, haikuwa na kona wala kipengele: mtoto mmoja, asubuhi moja, asipewe. Hata mbuzi angeweza kuitunza.

⁂

Siku ilipofika, Pernille alitangulia saa kumi na moja, jua limeshachomoza na nyasi zingali nyeupe kwa baridi. Alikuja na maua, bendera ndogo za kupanga mezani, na vitambaa vya mdomo vya rangi ya kijivu.

"Oo, nyumba yako ina uhai kweli!" alisema, akiruka gari la mbao la mtoto sakafuni. Kisha akakusanya vitambaa vya Bettina, vya karatasi, vyenye picha za maputo, akavipanga vizuri, akavirudisha kabatini. "Hivi tutaviacha kwa ajili ya wale wadogo, sivyo?"

"Asante," alisema Bettina. Alishukuru, nawaambia. Alishukuru kwa kunyang'anywa vitambaa vyake nyumbani kwake.

Mumewe, Jesper, dereva wa lori la kokoto, alikuwa akipasha skonzi kwenye oveni. Jesper alikuwa mtu wa utani, na utani ulimwepusha na taabu ya kuwa na maoni. "Leo tunafungua baa," alisema. "Bi mkubwa, leseni iko wapi?"

"Nyamaza, Jesper."

Watoto waliingia kwa makelele wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza, kama desturi ya siku hiyo inavyotaka: ng'ombe wawili, wafungwa, watawa wanne, mmoja wa watawa hao akiwa Alberte, binti wa Bettina. Sylvester, mtoto wa Pernille, alikuwa mfalme, na taji lake halikuwa la karatasi. Midomo ya chini ilikuwa imetuna kwa vile vifuko vya nikotini wanavyobana kwenye fizi. Wengine walikuwa wameshaanza njiani. Mwenye pua angejua, ila asubuhi ile wazazi saba waliokuja kusimamia kiasi walikuwa wameziacha pua zao nyumbani.

Eskild aliingia wa mwisho. Alikuwa nyuki. Baba yake alikuwa amemzungushia sweta jeusi la kazi mistari ya utepe wa gundi wa njano, ule wanaofungia magunia ya chakula cha mifugo, na mistari haikulingana.

"Habari ya asubuhi, Bettina," alisema, akavua viatu bila kuambiwa.

"Nzuri, mwanangu. Umependeza."

"Baba amekesha nayo. Gundi iliisha mgongoni."

Wakala, wakaimba wimbo wao, wazazi wakapiga picha. Kisha Pernille akagonga kikombe kwa kijiko. Sinia ikaletwa yenye vigilasi ishirini na viwili na chupa ya ile pombe ya mitishamba, nyeusi, chungu, ambayo wazee wa kule huinywa asubuhi na kuiita dawa. Pernille alimkabidhi Bettina chupa mbele ya watu wote. "Mwenye nyumba ndiye amimine. Mikono hii imewalea nusu yao!"

Wazazi wakapiga makofi. Masikini Bettina, masikio yalimwiva kwa furaha. Akazunguka meza, akimimina mmoja baada ya mwingine, na kila mama alimtabasamia alipopita nyuma ya mtoto wake. Akafika kwa Eskild. Mbele yake palikuwa na glasi ya juisi ya tufaha. Bettina akampita.

"He!" Sylvester akapaza sauti. "Na nyuki je? Nyuki hatengenezi asali leo?"

"Mleteeni chupa yake ya maziwa!" akasema ng'ombe mmoja. "Bettina, si unazo humu ndani?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Wazazi nao walicheka, hata wale waliokuwapo kwenye mkutano, hata yule aliyekuwa ameandika kumbukumbu. Eskild akacheka pia, kile kicheko cha mtu anayetaka kiishe haraka, uso umemwiva mpaka shingoni.

"Jamani, msimtanie," Pernille alisema, akijifuta machozi ya kucheka. "Ila Bettina, mwenzangu, kumwacha mtoto mmoja peke yake, kweli ni sawa? Huko ndiko kumtenga. Sisi kamati tumelipigania sana hilo la kutengana."

"Baba yake alisema..."

"Kaj ni mtu mzuri sana," Pernille alisema, na sauti ilionyesha wazi kwamba mazungumzo kuhusu Kaj yamefungwa.

Wazazi saba walimtazama. Bettina alihisi ile kahawa aliyoingoja miaka tisa ikipoa. Alirudi hatua mbili nyuma.

"Baba amekataa," Eskild alisema kwa sauti ya chini. Si kwamba aliomba. Naomba hili likumbukwe, maana baadaye watu wengi walijitahidi kulisahau. Mtoto hakuomba.

"Baba yako hayupo hapa," Bettina alimwambia, akimshika bega kama mama. "Kimoja tu, cha kulowesha ulimi. Mimi ndiye ninayekupa, kwa hiyo si kosa lako."

Akamimina mpaka juu. Eskild alimtazama, yule mwanamke aliyemfundisha kijiko, akanywa kwa sababu ni yeye aliyempa. Meza ikapiga kelele za shangwe. Alberte peke yake hakupiga kelele. Alimtazama mama yake kwa macho makavu, akasukuma sahani yake mbele.

⁂

Lango likishafunguliwa, kila mwenye mguu hupita. Bettina alikuwa amempa, basi na wengine wakampa. Baba wa mmoja wa wafungwa alimpa bia, akimpiga mgongoni: "Leo umekuwa mwanaume!" Watoto walipotoka kwenda bustanini, ikatokea na chupa moja ya plastiki ya sharubati nyekundu ambayo haikuwa sharubati, na kumnywesha nyuki ukawa mchezo. Walihesabu kwa sauti. Mvulana aliyekuwa hajala ila nusu skonzi, kwa sababu ya kuona haya, alikunywa kila alichopewa, na kila alipokunywa walimpenda. Kwa miaka tisa hawakuwahi kumpenda. Wazazi waliwatazama kupitia dirisha la jikoni, vikombe mikononi.

"Waone walivyoshikamana," alisema mmoja.

"Hilo ndilo darasa letu," akasema Pernille.

Saa moja kasoro robo Alberte aliingia jikoni, kitambaa cha utawa kimeanguka shingoni.

"Mama, Eskild hayuko sawa."

Alikuwa amelala katikati ya trampolini, mikono imetanda, mistari ya njano imebanduka. Sylvester alikuwa akirukaruka pembeni yake ili mwili udunde, na wenzake wakipiga picha. Jesper alipanda, akamtikisa. "Nyuki ameishiwa mafuta," alisema. Watu wakacheka, kwa hiyo Jesper akawa ameshatoa mchango wake.

"Haamki," Alberte alisema. "Mama, haamki. Tupige simu."

"Amelala tu, kipenzi," Pernille alisema. "Sote tumepitia hayo. Mimi nikiwa na umri wake nililala kwenye tuta la maua la bibi yangu! Hewa safi ndiyo dawa. Si ndiyo, Bettina? Wewe ndiye mtaalamu wetu."

Na Bettina alikuwa mtaalamu, hilo nalo ni kweli. Miaka kumi na mitano alikuwa akiwalaza watoto wa watu nje, vigarini, chini ya kibanda cha nyuma, kwenye mvua na theluji, kama watu wa kule wote wafanyavyo. Aliamini hewa kuliko daktari. Wakambeba Eskild mpaka kibandani, katikati ya vigari vinne vitupu. Bettina akatandika magodoro mawili ya vigari, akaleta ngozi ya kondoo na blanketi. Akamlaza chali, mikono juu, kichwa sawa, vile vile alivyofundishwa kuwalaza wachanga ili wasikose pumzi. Hakuwahi kumlaza mtoto vingine. Akambananisha blanketi kwapani, halafu akachukua kile kiredio cha kusikilizia watoto, akakiwasha, akakiweka karibu na sikio la mtoto.

"Tazama anavyofanya!" alisema mama mmoja. "Mimi nisingefikiria hata kidogo."

Kilemba cha ukoka hicho, na Bettina akakivaa. Alirudi jikoni na kiredio cha pili, cha kupokea sauti, akakisimamisha katikati ya meza, kati ya siagi na bendera. Taa ya kijani ikawaka.

Alberte alikuwa bado amesimama mlangoni. "Kwa nini hatupigi simu?"

Bettina alimtazama Pernille. Pernille akamsogelea, akamshika kiwiko, akanong'ona kwa upole, na upole wake ulikuwa ndio kisu chake. "Ukiita gari la wagonjwa, wataita na baba yake. Sasa Kaj utamwambia nini? Maana chupa ulikuwa nayo wewe, mwenzangu. Sisemi kitu. Nakuonea huruma tu."

Kwa hiyo hawakupiga. Kwa dakika za kwanza kiredio kilikoroma. Kisha kikanyamaza. Bettina alikitazama kila mara akipita na sahani, na kila mara kilikuwa kimya, na katika kazi yake kimya ndicho kitu kizuri kuliko vyote. Mtoto aliyenyamaza amelala vizuri. Akamimina kahawa. Mama Sylvester, dalali wa nyumba, mwenyekiti wa kamati, akamwambia: "Lazima siku moja uje kwangu tunywe kahawa kwa utulivu." Ndivyo alivyolipwa, na nisikufiche, alifurahi.

⁂

Saa moja na dakika ishirini Kaj alifika na pikipiki yake ya kazini, gambuti miguuni. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Mkononi alikuwa na mfuko wa tofi, kilo mbili, za kuwarushia watoto wadogo uwanjani kama desturi ilivyo.

"Eskild amesahau hizi. Nikaona asije akaaibika wenzake wakirusha."

Wazazi waligeukia vikombe vyao.

"Karibu, Kaj!" Jesper alisema. "Kahawa? Skonzi? Leo bure."

"Siingii na gambuti. Yuko wapi?"

"Amejipumzisha kidogo," Pernille alisema. "Wameamka mapema mno, maskini."

Kaj alimtazama Bettina. Hakumtazama mwingine. Bettina alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Yuko kibandani," Alberte alisema. "Amelewa. Haamki."

Kaj aliweka mfuko wa tofi mezani, akapita katikati yao na gambuti zake, akiacha alama za tope sakafuni mpaka mlango wa nyuma. Hakukimbia mpaka alipofika nje.

Kiredio kikawasema wote. Kwanza vigari vikisukumwa. Kisha sauti ya Kaj, karibu, kama yuko mezani: "Eskild. Eskild. Baba huyu. Amka, baba. Fungua macho." Kofi. Kofi jingine. Halafu sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa mtu mzima, sauti ndogo, nyembamba: "Hapana. Hapana, mwanangu, hapana."

Mama mmoja alinyoosha mkono akapunguza sauti. Jamani! Alipunguza sauti.

Kaj alikuwa amekuta midomo ya bluu na matapishi yamejaa kinywani. Lakini kila wiki mikono yake ilipokea nguruwe wachanga waliozaliwa wameziba pumzi, na mikono haikungoja kichwa kifikiri. Alimpindua kifudifudi juu ya goti, akaingiza vidole viwili, akakomba, akakomba tena, akampiga mgongoni palipoishia gundi. Mwili ukashtuka, ukakohoa, ukavuta pumzi kwa mlio wa mlango uliokosa mafuta.

"Pigeni simu!" alipiga kelele.

Watu wazima saba walikuwa na simu saba, na asubuhi nzima walikuwa wamezishika wakipiga picha. Aliyepiga ni Alberte.

Gari la wagonjwa lilikuja kwa dakika kumi na moja. Wakati watu wa ambulensi wanamfunga Eskild kwenye machela, Pernille alikuwa mbele ya nyumba akipanga watoto wawili wawili. "Twendeni, twendeni, saa mbili kasoro! Yuko kwenye mikono salama. Tusiwaharibie wale wadogo siku yao." Na wakaenda wakiimba, wafungwa na ng'ombe na mfalme, kwenda kurusha tofi. Mfuko wa Kaj, kilo mbili, waliuchukua pia, kwa kuwa ulikuwa mezani na hakuna aliyeuliza ni wa nani.

⁂

Bettina alikaa kwenye korido ya hospitali tangu saa nne, viatu vya Eskild mapajani. Alikuwa amevikuta mlangoni kwake, vimepangwa sawasawa, akaona ni sababu nzuri ya kuja. Alberte alikaa kiti cha tatu kutoka kwake, bado kanzu ya utawa imemning'inia.

Njia nzima Bettina alikuwa amejizoeza: Kaj, mimi ndiye niliyemmiminia. Wewe uliniamini, na mimi nikammiminia kwa sababu walinicheka. Maneno yenyewe hayazidi pumzi mbili. Alikuwa amedhamiria kweli, hilo simnyimi.

Simu ikatetema. Pernille alikuwa ameandika kwenye kundi la wazazi. "Wapendwa, Eskild amepatwa na hali ya ghafla asubuhi hii na anaangaliwa vizuri. Tuheshimu faragha ya familia na tuepuke kukisia nani alifanya nini. Zaidi ya hapo, siku imekwenda vizuri ajabu! Asante kubwa kwa Bettina, nyota wetu!" Chini yake mioyo ilikuwa ikimiminika, kumi na moja, kumi na mbili. Kisha ujumbe wa pili, wa siri: "Alikuja akiwa ameshalewa, sivyo? Sylvester anasema alimwona. Ingekuwa vizuri sote tukumbuke hivyo hivyo. Kahawa Alhamisi?"

"Anasema nini?" Alberte aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Utamwambia?"

"Nimekuja kwa ajili hiyo."

"Sema 'ndiyo', Mama. Nimekuuliza, utamwambia?"

"Ndiyo! Ndiyo, Alberte. Mungu wangu!"

Mlango ukafunguliwa. Kaj alitoka, bado na gambuti, ila mtu alikuwa amempa vile vifuko vya plastiki vya bluu vya kuvalia juu yake. Sweta lake lilikuwa limekauka matapishi kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka, na Bettina alipoona mabega akajua mtoto yuko hai.

"Ameamka," Kaj alisema. "Ameongea. Pafu moja limeingia uchafu, wamempa dawa, atalala hapa siku kadhaa. Lakini daktari anasema ni wa kwetu bado."

"Mungu ashukuriwe," Bettina alisema, akaanza kulia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Kaj, nina jambo..."

"Ngoja. Ngoja kwanza, nami ninalo, nisije nikashindwa." Alikaa kando yake, akazikunjakunja zile ngumi zake kubwa. "Nilipoingia mle jikoni kwako, Bettina, nilikufikiria vibaya. Nilisema moyoni, huyu ndiye amempa. Nimekaa naye ndani, nikamuuliza. Nikamwambia, sema ukweli, sikupigi, nani alikupa? Hakutaka. Nikamuuliza tena."

Bettina alivibana viatu kifuani.

"Ameniambia amejimiminia mwenyewe. Mlipogeuka, akaiba chupa mezani. Anasema wewe ulikataa. Ulimpita na chupa mbele ya wote, wenzake wakamcheka, na bado ukakataa. Ndipo akaiba, kwa ajili ya kichwa chake kigumu." Kaj alifuta uso kwa kiganja. "Mtoto wangu mimi, mwizi, nyumbani kwa mtu aliyemlea. Nimeona aibu, sikufichi. Analia mle ndani. Anaogopa umemkasirikia. Amenituma nikuombe msamaha."

Korido ilikuwa na saa ukutani, na muuguzi alikuwa akisukuma kitoroli cha chakula cha mchana. Bettina alisikia maneno yake mawili yakiwa tayari ulimini, mimi ndiye, hayahitaji hata juhudi, ni kufungua meno tu. Aliwaza watoto wanne ambao kesho mama zao wangewaleta saa moja na nusu, au wasingewaleta. Aliwaza Alhamisi. Na akawaza, kwa kweli aliwaza hivi, kwamba mtoto mwenyewe amechagua, kwamba kumkanusha sasa kungekuwa kumfanya mwongo mbele ya baba yake, naye hana nguvu ya mshtuko mwingine. Binadamu akitafuta shimo la kujificha, hata la panya humtosha.

Alimkabidhi Kaj viatu.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," alisema. "Mwambie nimemsamehe."

Kaj alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akautikisa tena.

"Nilijua," alisema. "Nilijua huna kinyongo."

Viti viwili kutoka hapo, Alberte alisimama. Alimtazama mama yake, akamtazama Kaj, kisha akasukuma mlango wa wodi, akaingia kwa Eskild bila kubisha.